Herufi za Puani

Mjukuu wangu wa kwanza hakuweza kusema mama. Alisema baba. Si kwamba hakumjua mama yake. Alimjua, alimpenda, alimng'ang'ania kanga mpaka ikachanika. Ila kila sauti iliyotaka kupita puani, kwake iligonga ukuta ikarudi mdomoni imegeuka nyingine. Maji yakawa baji. Nyama ikawa dyaba. Sambusa, iliyokuwa ikitulisha nyumba nzima, ikawa sabusa. Mimi peke yangu nilipona. Neno "Bibi" halihitaji pua, basi mimi niliitwa sawasawa, na nilijivuna mbele ya mama yake kama mtu aliyepewa cheo.

Cheo hicho kilinitokea puani siku maziwa yalipomwagika jikoni.

"Nani kamwaga?" binti yangu akauliza.

"Bibi," mtoto akajibu.

"Bibi yako yuko uani anasuka mkeka. Usimsingizie."

"Si Bibi. Bibi." Akaanza kulia. "Bibi, baba, bibi."

Alikuwa anasema mimi, mama, mimi. Mtoto mkweli anakiri kosa lake, na kila anavyokiri ndivyo anavyozidi kunitia mimi hatiani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Enzi hizo cha kuchekesha kilikuwa adimu kama sabuni, hukukiacha kipite.

Enzi hizo ni za serikali ya askari, Kampala, miaka ya sabini. Tulikaa Kisenyi, ukishuka kidogo unafika Nakivubo, na pale Nakivubo nilikuwa na kimeza changu cha sambusa na mandazi. Babu yangu alikuja na watu wa biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kwetu Kiswahili tulikinyonya, Kiganda tulikiokota sokoni, na vyote viwili tulivisema bila hofu mpaka askari walipokuja. Wao nao walisema Kiswahili, kile cha kambini. Basi watu wa Kampala wakakichukia, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikiwagongea milango. Nikimwita mteja kwa Kiswahili, wengine waliinua miguu wakapita haraka. Hilo nalo sijawasamehe askari. Walichukua maduka, walichukua watu, wakachukua na lugha ya mama yangu wakaifanya ya kutishia.

Nirudi kwa mtoto.

Alikuwa akienda chuo cha Kurani mchana, baada ya shule. Siku moja alirudi viganja vimevimba. Sikuuliza mara mbili. Nilijifunga kanga, nikamshika mkono, nikaenda naye mpaka kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu wa heshima zake, ndevu nyeupe, jamaa wa jamaa zetu. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye jamvi.

"Mwalimu," nikamwambia baada ya salamu, "mjukuu wangu amefanya nini?"

"Anadhihaki, Bi Mkubwa. Namwambia bismillahi, ananijibu bisbillahi. Wenzake wanacheka, chuo kizima kinaharibika. Mimu na nuni ni herufi za puani, lazima zipewe haki yake. Hata mtoto wa kunyonya anajua."

"Hebu shika pua yako."

"Nini?"

"Shika pua, mwalimu. Ibane. Haya, sasa soma."

Nasema kweli, alikuwa mtu wa haki. Wengine wangenifukuza. Yeye alibana pua, akafumba macho, akasoma. Bisbillahi. Jamvi zima likalipuka kwa kicheko. Akaachia pua, akawatazama watoto, wakanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.

"Astaghfirullah," akasema. Kisha akasema, "Basi huyu ni mgonjwa. Mpeleke hospitali. Mimi siwezi kumsomesha mtu asiye na pua."

"Pua anayo. Imeziba."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Hakumpiga tena. Lakini hakumsomesha pia. Alimkalisha nyuma, msahafu mapajani, asikilize wenzake. Fimbo ni kitu kibaya, lakini kuna ubaya wa kumweka mtoto nyuma kama gunia tupu, na huo hauachi alama kwenye kiganja ukaweza kumwonyesha mtu.

Na shule ya serikali mambo yakawa yale yale. Alisinzia darasani. Mwalimu wake, msichana mdogo wa juzi, akamwambia binti yangu kwamba mtoto ni mzito wa akili, tazama alivyoachama. Kuachama aliachama kweli. Mdomo ulikuwa wazi kutwa kucha, midomo imekauka imepasuka, na chini ya macho weusi kama aliyepakwa masizi. Akijilaza mchana alikoroma mpaka jirani akauliza kama nimeolewa tena. Mara mkoromo ulikatika katikati, kifua kikapanda bila hewa kuingia, akashtuka, akageuka, akaanza upya. Mtoto anayelala hivyo atakosaje kusinzia darasani? Wewe mwenyewe jaribu kulala ukiwa unapigana mieleka.

Kilichonikata maini zaidi ni meno. Sisi kwetu meno ni mali. Mama yangu alikufa nayo yote, na mimi mpaka ninapoandika haya muwa natafuna mwenyewe. Mtoto huyu alipong'oka meno ya utoto, ya ukubwani yakaanza kutoka kama watu wanaogombea mlango wa basi. Moja mbele, moja nyuma ya mwenzake, moja limelala ubavu. Yale mawili ya juu yakatangulia nje, mdomo wa juu haukuweza tena kukutana na wa chini. Uso ukaanza kurefuka. Nilikuwa naona kabisa, kila Idi nikimvalisha gauni jipya namwona ana uso mwingine. Nilitaka sana kuamini amerithi upande wa baba yake. Ingenifariji. Lakini mkwe wangu, Mungu amlinde, alikuwa na meno yamenyooka kama shanga.

Jirani yangu wa Kinubi, mjukuu wa askari wa zamani waliokuja na Waingereza, akaja na ushauri. Yeye aliniita habuba, ndivyo kwao wanavyomwita bibi.

"Habuba, huyo ni kimio. Kimelala kooni. Kuna mzee anakuja sokoni siku ya Ijumaa, anakikata mara moja tu, kwa kisu."

"Pua imeziba wewe unataka nikate koo?"

"Kwetu wote tumekatwa."

"Na wote mnakoroma. Nawasikia ukutani."

Alinuna siku mbili tatu, tukapatana. Simlaumu. Alikuwa angalau anataka kufanya kitu. Waliokuwa na kazi ya kufanya kitu ndio nilioandika haya kwa ajili yao.

Tulipanda hospitali kubwa ya serikali, mimi na binti yangu na mtoto. Madaktari wengi walikuwa wamekwisha ondoka, wengine kwa ndege, wengine kwa miguu, na wengine hatukujua. Aliyebaki upande wa pua na masikio alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwambia mtoto apanue mdomo, ambao tayari ulikuwa wazi, akamulika, akazima tochi.

"Ana nyama za puani," akasema. "Watoto wengi wanazo. Zitanywea akikua. Ngojeni akue."

"Na meno?" nikauliza.

"Meno hayaguswi mpaka yatoke yote. Akifika miaka kumi na miwili hivi, mtamwona mtu wa meno. Mara nyingi hujipanga yenyewe."

Mtoto alikuwa na miaka saba. Nikamwambia, "Daktari, samaki mkunje angali mbichi."

"Mama, huyu si samaki."

"Samaki angalau anapumua majini. Huyu hapumui popote."

Binti yangu akanibonyeza na kiwiko. Daktari akamwita mgonjwa mwingine. Tukashuka kilima tukiwa na kile kile tulichopanda nacho.

Ngojeni akue. Hilo neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hapa kwetu mgomba ukianza kuelemea watu wanauwekea nguzo mapema, mkungu ungali mdogo. Hakuna mkulima wa Buganda anayengoja mgomba uanguke ndipo autie nguzo, na huyo mkulima hajapita chuo kikuu. Mfupa wa mtoto unakua kila siku, kila usiku anaolala mdomo wazi unakua vibaya, halafu mtu anakwambia ngoja ukomae. Ukishakomaa nimwombe nani aulainishe?

Tukangoja. Hatukuwa na mwingine wa kumwendea.

Katika kungoja huko, mkwe wangu akapotea, yaani alijipoteza mwenyewe kabla hajapotezwa. Alikuwa karani wa mizigo Port Bell, kule mabehewa yanakopakiwa kwenye meli kuvuka ziwa. Kahawa ya mtu mkubwa ikakosekana. Nani aliichukua sijui, na waliokuwa wakitafuta nadhani walijua, ndiyo maana walitafuta kwa makarani. Mwenzake mmoja akachukuliwa ofisini, saa ya chai, hakurudi. Mkwe wangu hakumaliza chai yake. Akatoka na nguo alizovaa, akavuka mpaka, baadaye tukapata salamu kwa mdomo wa dereva kwamba yuko Nairobi, mzima. Sisi tukiulizwa tulisema alikwenda mazikoni akapitiliza.

Wakaja baada ya sala ya alasiri. Watatu, gari dogo, miwani nyeusi, viatu vya soli nene kama tofali. Mimi nilikuwa mlangoni nakunja manda za sambusa. Binti yangu alikuwa nyuma bombani anafua. Mtoto alikuwa ndani amelala, alirudi shule na homa.

"Wewe mzee," mkubwa wao akaniambia, "bwana ya binti yako iko wapi?"

"Alikwenda mazikoni, baba. Hatujamwona tena."

"Mazikoni ya nani?"

"Ya upande wao. Mimi mkwe, sijui ukoo wao wote."

Alinitazama. Nikaendelea kukunja manda. Akatazama chumbani kupitia mlango, giza tupu. Akageuza mgongo. Mguu wake mmoja ulikwisha kanyaga barazani, wallahi, alikuwa anakwenda. Ndipo mtoto akaamka, akaona vivuli vya wanaume mlangoni, akapiga ukelele.

"Baba. Baba, joo. Baba."

Yule mtu akasimama.

"Eh," akasema taratibu. "Kumbe baba iko."

Waliingia kama maji ya mfereji wa Nakivubo mvua ikifurika. Walipindua kitanda na mtoto juu yake. Walichana magodoro. Walitoboa mbao za dari kwa mtutu, vumbi likashuka, wakachoma kisu kwenye gunia la unga wa mandazi kama vile mtu mzima angekaa mle amekunja magoti. Binti yangu akaja mbio na povu mikononi, mmoja akamkamata nywele.

"Huyu mtoto anaita nani?"

"Ananiita mimi."

"Wewe ni baba?"

Mdogo wao akacheka. Mkubwa hakucheka. Akampiga binti yangu kofi, moja tu, lakini lilimlaza.

"Afande," nikasema, "mtoto hana pua. Hawezi kusema mama. Mwambie aseme."

"Unafanya mimi mjinga?"

"Mwambie tu."

Akachutama mbele ya mtoto, akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu wa kawaida tu, hilo ndilo lililoniudhi. "Sema mama."

"Baba," mtoto akasema, akimwonyesha mama yake sakafuni.

"Sema mama."

"Baba."

Akaonyesha birika jikoni. "Hii ni nini?"

"Birika," mtoto akasema, safi, kama mtangazaji wa redio.

Akanigeukia. "Si anasema vizuri huyu?"

"Muulize kitu chenye mimu, Afande."

"Mimu ni nani?" akasema haraka. "Anakaa wapi huyo Mimu?"

Nikaona hapa nikichelewa nitamfanya mtu asiyekuwapo atafutwe Kisenyi nzima. Nikasema, "Si mtu, baba, ni herufi. Mwonyeshe meza."

"Beza," mtoto akasema bila kungoja.

"Mwavuli."

"Bwavuli."

"Hesabu moja, mbili."

"Boja, bili, tatu, dde."

Wa tatu wao, mtu mzima kidogo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema kwa sauti ya chini, "Afande, mtoto ya dada yangu ilikuwa hivi. Pua inafunga. Ilikuwa inaita mimi badala ya mjomba, bjoba."

Mkubwa akainuka, akavaa miwani. Alikuwa amekasirika, si kwa kutufanyia vile, bali kwa kuwa amepoteza jioni yake. Akachukua redio yetu, akampa yule mdogo wao suti ya mkwe wangu abebe. Alipofika barazani akageuka akaninyooshea kidole.

"Peleka huyu mtoto hospitali. Haraka. Mtoto kama huyu ataua nyinyi yote."

Nilikaa chini katikati ya unga. Binti yangu alikuwa anatema damu, mtoto anamfuta na shuka, "baba, baba," na mimi, badala ya kulia, nikawaka. Nilimwonyesha mjukuu wangu mwalimu, akamweka nyuma. Nilimwonyesha msomi mwenye koti jeupe, akaniambia ningoje. Wa kuniambia peleka haraka awe mtu aliyekuja kutuua?

Kulipokucha nilikuwa tayari kwenye benchi la hospitali, mimi na mtoto peke yetu. Daktari yule yule, macho yale yale.

"Mama, si nilikwambia mngoje?"

"Uliniambia. Nimeambiwa nimlete."

"Na nani?"

"Na wanaume waliokuja kwangu jana kwa gari. Wamesema huyu mtoto apelekwe hospitali haraka."

Kalamu yake ikatulia. "Wanaume gani?"

"Hawakutaja majina. Miwani nyeusi."

Akainuka akafunga mlango. Akarudi akakaa ukingoni mwa kiti. "Ni... ni mtoto wa nani huyu?"

"Mjukuu wangu."

"Wanataka lini?"

"Walisema haraka. Si watu wa kurudia maneno, daktari."

Basi ungeona. Tochi ikatoka, na kioo kidogo chenye mpini mrefu ambacho mara ya kwanza sikukiona kabisa. Akatazama kila tundu, akamwekea kioo chini ya pua aone kama kitapata mvuke, hakikupata hata tone. Akamgusa kaakaa kwa kidole. "Zimejaa," akawa anasema, "zimejaa kabisa, hizi hazikupasa kungojwa." Akaniambia nije Jumatatu na pamba yangu, sabuni yangu, shuka na taa ya mafuta ikiwa umeme utakatika, kwa kuwa hospitali haikuwa na chochote kati ya hivyo.

Kuna watu niliowasimulia wakaniambia nilitenda vibaya, nilimtisha mtu asiye na hatia. Sikumtisha. Sikusema neno moja la uongo, na ningeulizwa mbele ya Kurani ningelirudia vile vile. Kama ukweli ule ulimtetemesha, waulize walioufanya ukweli uwe vile. Na pia nasema haya: jambo ambalo aliweza kulifanya kwa hofu, aliweza kulifanya kwa huruma. Mikono ni ile ile, kioo ni kile kile. Binti yangu hakuhitaji kupigwa kofi ili kioo kitoke kwenye droo.

Sabuni niliitafuta kwa magendo, nikaipata kwa mke wa mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi. Alinikatia kipande kama anakata dhahabu.

Mtoto alitolewa nyama puani Jumatatu kabla ya adhuhuri. Walimrudisha wodini amelala, damu kidogo puani, nikakaa kando yake. Baada ya muda nikashtuka. Kimya. Hapakuwa na mkoromo, hapakuwa na kule kukaba na kupigana. Kimya kabisa. Nikampigia muuguzi kelele kwamba mtoto amekufa. Alikuja akikimbia na viatu mkononi, akainama, akanitazama.

"Jjajja," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "anapumua."

"Mbona hasikiki?"

"Ndivyo watoto wanavyolala."

Miaka saba nilikuwa nimesahau ndivyo watoto wanavyolala.

Zikapita wiki, akaanza kusema. Si mara moja, ulimi ulikuwa umezoea njia ya zamani, ilibidi tumfundishe kama mgeni. Mwalimu wa chuo akamtoa nyuma akamkalisha mbele, nikamwambia ahsante kwa mdomo tu. Usingizi wa darasani ukaisha, na uzito wa akili ukaisha nao, maajabu gani.

Meno yakabaki. Daktari wa pua sasa alikuwa ananiheshimu sana, alinipeleka mwenyewe kwa mtu wa meno, chumba cha mwisho cha korido. Huyu alikuwa mzee mpole, na kwa mara ya kwanza nilikutana na mtu aliyenieleza kana kwamba nina kichwa.

"Mama, mdomo ukiwa wazi ulimi unalala chini," akasema. "Ulimi ndio unaopanua taya la juu kwa ndani. Usipokaa juu, mashavu yanalibana, taya linakuwa jembamba kama kichochoro, meno yanakosa pa kusimama. Sasa pua imefunguka. Mtoto bado anakua, mfupa bado unasikia. Angewekewa kibao cha plastiki chenye waya humu juu, kimsukume kidogo kidogo, taya litapanuka."

"Tunangoja akue?"

"Hapana. Hii ndiyo saa yake. Akipita hapa, mfupa unafunga."

Nilitaka kumbusu mkono. "Basi mwekee."

Akafungua kabati. Lilikuwa na chupa tupu na panya aliyekufa zamani. "Sina plastiki. Sina waya. Na fundi aliyekuwa akivitengeneza aliondoka." Hakusema aliondoka na nani, sote tuliona ndege zile za Wahindi waliofukuzwa zikipaa na watu waliozaliwa hapa.

"Waya huna? Kampala hii? Kila ukuta wa mkubwa umezungushiwa seng'enge, mzee wangu, na wewe unakosa waya wa meno ya mtoto?"

Akatazama mlango. "Sema polepole, mama." Kisha, akiwa anafunga kabati, akasema kama anasema na kabati, "Nairobi vipo."

Njia nzima ya kushuka nililigeuza neno hilo kichwani. Nairobi baba yake alikuwako. Binti yangu alikuwa akitaka kumfuata mumewe tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa nikimzuia, kwa sababu ya vizuizi vya barabarani, kwa sababu ya mpaka. Sasa nilikuwa na sababu mbili mkononi, hofu yangu na taya la mtoto, na mojawapo ilikuwa na saa yake.

Nikamwambia binti yangu jikoni, "Nendeni."

"Mama, na wewe?"

"Mimi taya langu limekwisha funga."

Jirani wa Kinubi aliposikia akashika kiuno. "Habuba, unamtoa mtoto nyumbani, unamvusha mpaka, yote hayo kwa ajili ya meno?"

"Si meno. Ni uso wake. Ataamka nao mpaka afe."

Kabla ya safari nilimkalisha jikoni kila siku nikikaanga, nikamwekea iliki moja katikati ya midomo, aishikilie isianguke, apumue puani. Mtu wa meno ndiye aliyesema midomo ifundishwe kukutana, yeye alisema karatasi, iliki ni yangu mimi. Mwanzoni ilidondoka kila saa. Meno yale mawili yaliisukuma nje. Akaizoea, akawa anaweza kunitazama nikimaliza karai zima, midomo imefumba, anahema taratibu kwa pua kama binadamu wengine.

Kisha tukamfundisha la pili. Mkiulizwa na askari njiani, mnakwenda Tororo kwa shangazi, kuna harusi. Usitaje baba. Akarudia vizuri: shangazi, Tororo, harusi. Kila herufi mahali pake. Nilisikiliza nikasaga meno. Mtoto tumempa sauti juzijuzi tu, na la kwanza tunalomfundisha ni lipi asilitamke.

Waliondoka asubuhi kwa basi kutoka Nakivubo. Sikuwapungia mkono, watu walikuwa wakitazama nani anaaga nani. Nilikuwa nyuma ya kimeza changu nauza mandazi, basi likapita mbele yangu, nikamwona dirishani, kitambaa kichwani, mdomo amefumba. Mteja akaniuliza mbona simrudishii chenji.

Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari baadaye, yule yule wa mkwe wangu. Alikaa barazani, nikampa chai isiyo na sukari.

"Wamefika salama, Bi Mkubwa. Njiani wamesimamishwa, mtoto hakutetereka. Na kibao amewekewa. Mwanzo alilia, sasa anakula nacho."

"Daktari wa kule amesemaje?"

"Amesema wamewahi. Amesema wangekawia kidogo tu ingekuwa kazi nyingine."

Aliningoja nifurahi. Nilifurahi, nilisema alhamdulillahi na nikaimaanisha. Lakini kutoka pale tulipokaa tuliiona hospitali juu ya kilima chake, madirisha yanang'aa kwa jua. Mtoto yule alizaliwa mle. Kila kilichomponya kilipaswa kuwa mle, mwendo wa kupanda kwa miguu ukiwa na chakula kwenye kikapu, na mimi jioni niko kitandani kwangu naye ubavuni kwangu. Badala yake nilikuwa naulizia taya la mjukuu wangu kwa dereva wa lori.

"Kunywa chai," nikamwambia, "halafu uniambie amerefuka kiasi gani. Uniambie kwa mkono. Simama uonyeshe."

Akasimama, akaweka kiganja chini kidogo ya kifua chake. Nikatazama pale palipokuwa na hewa tupu, nikamwambia ashushe mkono sasa, nimeona.